Wazazi kijani, kinda njano: maswali yenu ya kasuku wa pete

Mwezi huu barua karibu zote ni za ringneki, wale kasuku wa kijani wenye mkia mrefu na pete shingoni. Nimechukua nne, wengine mnisubiri kidogo.

SWALI: Assalaam alaykum. Mi niko Seeb, Oman, nina ringneki wawili uani kwenye banda la mita 3, msimu wa pili sasa jike anataga mayai 4 anayaatamia mpaka nachoka mimi na hamna kitu. Dume mwenyewe muoga, jike akimsogelea tu anakimbilia kona. Pete hana bado ila aliyeniuzia kaapa ni dume na ni mkubwa. Nimuuze nitafute mwingine?

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu. Usiuze kwanza, na huyo muuzaji mwambie apunguze viapo maana ringneki wadogo dume na jike wanafanana kabisa, pete inatoka dume akishafika kama mwaka na nusu na wengine mpaka wagonge miaka 3 ndo inakamilika. Kwahiyo huyo wako ama ni kijana hajaiva ama ni jike mwenzie. Hesabu mayai, jike mmoja anataga 3 mpaka 6 hivi tena anapishanisha siku, sasa siku ukikuta 8 au 9 kwenye sanduku moja jua una mabibi wawili na hakuna bwana. Yako ni 4 so naegemea kwenye ujana. Ukitaka uhakika ng'oa vinyoya vichache vya kifuani vyenye shina (sio vilivyoanguka chini) upeleke kipimo cha DNA, halafu ulale usingizi.

Na kuhusu kukimbilia kona hiyo ndo ndoa yao ilivyo. Kwa ringneki jike ndo bosi mwaka mzima, nje ya msimu anaweza hata hataki kumuona mumewe karibu na sahani ya chakula, sio kama lovubedi, wale kasuku wadogo wanaoshinda wamegandana. Dume aliyeiva utamjua msimu ukifika, anaanza kuinama inama mbele ya jike, mboni za macho zinabana zinaachia, ananyanyua mguu mmoja, mwisho anamlisha mdomoni. Jike akikubali anajilaza chini kwenye fito. Kama hujawahi kuyaona hayo basi mayai hayana mbegu na hayatakuwa nayo kwa kuomba dua. Kuna kitu nilifanya zamani kikanisaidia, nilimtoa jike wiki mbili nikamwacha dume peke yake akazoea banda lote, jike akarudi kama mgeni. Ukali ulipungua, haukuisha.

Siku ya 7 hivi tangu aanze kuatamia mulika yai kwa tochi ya simu, ukiona mishipa myekundu kama utando wa buibui kuna mtu humo, ukiona mwanga umepita moja kwa moja ni tupu. Lakini hata yakiwa tupu usiyawahi kuyatoa! Ukitoa mapema anataga tena na kila yai linamkomba kalsiamu, mwisho yai linakwama tumboni na hilo linaua. Muache aatamie mpaka achoke mwenyewe, kawaida wanaangua siku ya 22 mpaka 24, ikipita 28 toa. Mfupa wa ngisi, ule mweupe mwepesi unaookotwa ufukweni, usikose bandani.

Sanduku liwe refu kwenda chini, kama sentimita 25 kwa 25 na kina 50 au 60, tundu la kuingilia sentimita 7 au 8, ndani upigilie kipande cha waya kama ngazi na chini uweke maranda ya mbao. Litundike hali ya hewa ikishapoa, Desemba hivi, makinda wakitoka liondoe, maana joto la huko kwenu likianza lile sanduku linageuka tanuri na jike mbishi hatoki. Alafu umesema banda liko uani, najua nyumba za Oman, muombe mama asifukizie ubani na udi upande huo. Mapafu ya ndege hayavumilii moshi kabisa.

SWALI: Tusaidie, tuko Mombasa. Mume wangu ana ringneki wawili, wote kijani, wametotoa watatu, wawili wa kijani na mmoja njano ana macho mekundu kama sungura mweupe. Jirani anatucheka eti jike amechepuka. Bandani wako hao wawili tu.

JIBU: Dada yangu, jike wako ni mke mwaminifu, mwenye siri ni baba. Huyo wa njano anaitwa lutino na jeni yake (kile kinachorithishwa kinachotoa rangi) inakaa kwenye kromosomu ya jinsia, yaani uzi unaobeba jeni na kuamua dume au jike, sasa kwa ndege mambo ni kinyume na sisi, dume ndo ana mbili zinazofanana na jike ana moja tu. Maana yake dume anaweza kuwa kijani kabisa kwa nje na ndani amebeba njano, wafugaji wanamwita spliti. Jike hana pa kuficha, akiwa nayo anakuwa njano basi. Kwahiyo baba ni spliti, na huyo kinda wa njano ni jike, nakwambia hata bila kipimo, maana ili dume awe njano angeipata kwa baba na mama wote wawili na mama yake hana.

Hapo ndo utamu ulipo kwa sisi wapenda hesabu. Kwa wazazi kama wako, ukipiga wastani, nusu ya mabinti watatoka njano na nusu ya madume watabeba kimya kimya bila wewe kuwajua. Ukichukua dume wa njano kabisa ukamwoza jike wa kijani, mabinti WOTE njano na madume wote kijani spliti, yaani unajua jinsia ya kinda siku anayoanguliwa, jicho jekundu linaonekana kupitia ngozi kabla hata hajalifungua. Ukigeuza ukaweka jike njano kwa dume wa kijani asiyebeba, watoto wote kijani, na hapo wengi wanalia wametapeliwa kumbe hawajatapeliwa. Bluu ni hadithi nyingine, hiyo lazima itoke kwa baba na mama. Na mwambie mzee asije akamwoza binti wa njano kwa baba yake ili apate njano wengi haraka, najua atashawishika.

SWALI: Niko Dar, nataka kujenga banda, nimeona waya wa kuku bei poa. Pia kuna jamaa anauza makinda wa wiki 3 eti nikiwalisha mwenyewe watanizoea.

JIBU: Waya wa kuku wataufungua kama kopo. Tafuta neti ya waya uliochomelewa yenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, hapo na panya na nyoka wakubwa hawapiti. Ikiwa mpya iliyopakwa zinki isugue na brashi na siki, suuza, iache nje ipigwe na mvua na jua kwanza, sababu ile zinki ya juu wakiitafuna inawapa sumu. Fremu za mbao watazila, weka chuma. Chakula usitegemee alizeti peke yake, inawanenepesha, changanya na mtama, uwele, mahindi mabichi, mchicha, pilipili wanaipenda mno. Parachichi marufuku.

Kuhusu makinda wa wiki 3, hapana kaka. Uji unatakiwa digrii 39 au 40, ukipoa unalala kwenye gole (kile kifuko cha chakula shingoni) ukachacha, ukizidi unaunguza gole lenyewe, na ni kila baada ya masaa machache kuanzia asubuhi mpaka usiku. Wazazi wanawatoa kwenye sanduku wiki ya 6 au 7 na baba anaendelea kulisha wiki mbili tatu tena. Nunua aliyekwisha kujilisha, wiki 10 hivi, kaa naye kila siku atakuzoea tu. Kingine, ringneki ni kati ya kasuku 4 tu ambao hawamo kwenye orodha ya kwanza wala ya pili ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, sio kama kasuku wa kijivu aliyepandishwa orodha ya kwanza mwaka 2016, ila hiyo ni biashara ya kuvuka mipaka, kibali cha kufuga ulizia ofisi ya wanyamapori kabla hujatoa hela.

SWALI: Unguja hapa. Watoto wamefungua mlango wa banda, dume katoka yuko juu ya mwembe wa jirani. Watu wanasema muache awe huru.

JIBU: Usimuache. Hawa wanaweza kuishi popote, London wamejaa, Muscat na Dubai wamejaa, na wanawanyang'anya ndege wenyeji matundu ya kuzalia. Kisiwa cha Mahé kule Shelisheli ilibidi wawamalize kabisa ili kumlinda kasuku mweusi wa kisiwa jirani cha Praslin. Mtie jike kwenye tundu dogo umtundike nje chini ya mwembe asubuhi mapema, dume akiwa na njaa na anamsikia anaita, atashuka. Banda kubwa acha mlango wazi na sahani ya chakula umeiweka ndani kabisa, funga kamba ndefu mlangoni, kaa mbali uuvute akishaingia, na watoto wapeleke kwa bibi yao mpaka mchana.