Maswali yenu kuhusu kazi yangu na wazee wa Kilatino

Juzi niligusia kwamba nafanya kazi ya afya ya jamii na wazee wa Kilatino hapa San Antonio, Texas, wengi wao asili yao Mexico, maswali yakamiminika. Haya, tuanze.

Da, bila digrii ya pili naingiaje?
Unaingia vizuri tu mdogo wangu. Huku kuna wanaoitwa promotores, ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii kama wale wa kwetu wanaopita nyumba kwa nyumba. Texas unasoma kozi ya masaa 160 iliyoidhinishwa halafu unaomba cheti idara ya afya ya jimbo. Digrii ya pili utaihitaji ukitaka utafiti au kusimamia programu.

Kihispania ni lazima?
Kwa wazee, jifunze. Tena jifunze na adabu yake, mzee humwiti "tú" (wewe) kama rafiki yako, ni "usted" (wewe ya heshima), na jina linatanguliwa na don au doña, yani ukiingia bila hiyo ni sawa na kuingia kwa bibi yako bila shikamoo, atakujibu lakini moyo ameshaufunga. Halafu kuna hatari ya maisha kabisa. Siku moja bibi kaniwekea chupa ya dawa ya presha mezani, kidole chake kimesimama kwenye neno moja la lebo, "once". Kwa Kiingereza ni mara moja. Kwa Kihispania neno hilohilo linaandikwa hivyohivyo na maana yake ni kumi na moja! Alikuwa hajameza, ameshtuka tu mbona vidonge vingi, akanisubiri. Mpaka leo nikifika kwa mtu kitu cha kwanza naomba tusome lebo pamoja. Na msimtume mjukuu wa miaka kumi akatafsiri kwa daktari, mtoto hawezi kumwambia bibi yake habari za kansa. Mkalimani ni haki ya mgonjwa, ombeni.

Wanaumwa nini zaidi?
Sukari na presha ndo mkate wetu wa kila siku, na Alzheimer's, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao unawapata kama mara moja na nusu zaidi ya wazungu. Lakini cha ajabu Walatino kwa wastani wanaishi miaka mingi kuliko wazungu ingawa kipato chao ni kidogo, na tangu 1986 watafiti Markides na Coreil waliandika kwamba afya yao haikuwa mbali na ya wazungu licha ya umaskini. Kwa hiyo mzee anaishi sana, ila miaka ya mwisho anaishi na maradhi, na anayembeba mara nyingi ni binti yake ambaye hamna anayemuuliza yeye kalala saa ngapi. Mi namuuliza.

Insulini wanaimudu?
Mwenye Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, tangu 2023 halipi zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa kila aina ya insulini ambayo bima yake inagharamia. Asiye na karatasi za kuishi nchini haipati Medicare, huyo nampeleka kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato.

Mi Mwafrika, watanikubali?
Mlango wangu wa kwanza mzee alinitazama kimya, nikamsalimia "buenos días, don", akauliza mama yangu yuko wapi. Nikamwambia Tanga. Akasema basi umempigia leo? Sikuwa nimempigia. Akanivutia kiti, akasema piga kwanza, presha yangu inasubiri.