Kabla ya kununua kadi za Hideo Nomo, mjue kwanza Nomo mwenyewe

Wanaoniuliza kuhusu kadi za besiboli karibu wote huanza na swali lilelile: ipi itapanda bei? Nami huwauliza kama mchezaji mwenyewe wanamjua. Kuna kadi za Hideo Nomo za mwaka 1995 zinazouzwa kwa bei ya soda, na kuna nyingine ya mwaka uleule ambayo wakusanyaji wanagombania. Usipojua habari za mtu huyu, muuzaji atakutoza bei ya hiyo ya pili na kukupa ile ya kwanza.

Nomo alizaliwa Osaka mwaka 1968. Ni mrushaji, yaani yule anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani ili aukose. Alikuwa kwenye kikosi cha Japani kilichopata fedha Olimpiki ya Seoul 1988, na mwaka uliofuata, siku ya kuchagua wachezaji wapya, timu nane zilimtaja yeye kwanza. Ikapigwa bahati nasibu, Kintetsu Buffaloes wakampata. Msimu wake wa kwanza, 1990, alishinda mechi 18 na kuwatoa wapigaji 287 kwa straiki, yaani mpigaji anatoka baada ya kukosa mara tatu. Akachukua tuzo ya mgeni bora, yaani mchezaji mpya bora wa msimu, ya mchezaji bora wa ligi na ile ya Sawamura wanayopewa warushaji, zote kwa mpigo.

Staili yake ndiyo iliyompa jina la Tornado. Ananyoosha mikono juu ya kichwa, anajipinda hadi mpigaji anauona mgongo wake, anatulia hapo kidogo, halafu anafyatuka. Kadi yenye picha ya mgongo huo ndiyo ninayoitafuta siku zote. Zile anazotabasamu tu na glavu mkononi nawaachia wengine.

Kintetsu walimtumia vibaya, hayo ni maoni yangu. Mwaka 1994 aliachwa amalize mechi nzima dhidi ya timu ya Seibu huku amewapa wapinzani besi ya bure mara 16, yaani mpigaji anasogea bila kupiga kwa sababu mrushaji amekosea shabaha. Alirusha mipira 191. Msimu huo bega likamsumbua, na uhusiano wake na kocha ukaharibika. Wakala wake, Don Nomura, akagundua mwanya kwenye kanuni: wakati huo mchezaji akitangaza kustaafu kwa hiari, timu yake ya Japani haikuweza kumzuia asicheze nje. Nomo akastaafu akiwa na miaka 26, na mwezi Februari 1995 akasaini timu ya Los Angeles Dodgers. Mjapani aliyemtangulia kwenye ligi kuu ya Marekani, Masanori Murakami, alikuwa ameondoka tangu 1965.

Hapo ndipo mambo ya kadi yanapoanza kuchanganya. Kwa kuwa alisaini mwaka umeshaanza, kadi zake za Dodgers zilitoka kwenye matoleo ya baadaye, kama Topps Traded, Bowman na Bowman's Best, zote za kampuni ya Topps. Mgomo wa wachezaji ulikuwa umefuta hata fainali za 1994 na mashabiki wamekasirika. Nomo akawarudisha uwanjani, akaongoza National League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani, kwa kuwatoa wapigaji 236 kwa straiki, na kuwa mgeni bora. Kampuni zikachapisha kadi zake kwa wingi, na wingi huo ndio unaozishusha bei hadi leo. Inayotafutwa ni Bowman's Best ya aina ya Refractor, ambayo ukiiinamisha kwenye mwanga inatoa rangi za upinde wa mvua. Ya kawaida nayo inang'aa, kwa hiyo picha moja ya mbele haitoshi. Omba video fupi kadi ikigeuzwa taratibu. Hapohapo utaona na mikwaruzo.

Ushauri wangu lakini ni kurudi Japani. Kadi za kwanza kabisa za Nomo ni za Kintetsu. Zipo za Calbee, kampuni ya krispi ambayo imekuwa ikitoa kadi za besiboli pamoja na pakiti zake tangu 1973, na zipo za BBM, wachapishaji wa kadi wa huko Japani walioanza kutoa seti zao mwaka 1991. Kintetsu yenyewe haipo tena, iliunganishwa na timu ya Orix baada ya msimu wa 2004. Kwangu mimi kadi hizo zina uzito kuliko Topps yoyote, hata kama soko la Marekani halikubali.

Muuzaji asipojua mwaka, tazama namba ya jezi. Kintetsu alivaa 11. Dodgers alianza na 16, na aliporudi kwao 2002 akavaa 10. Nimeshaona kadi ya namba 10 ikitangazwa kuwa ya msimu wa kwanza.

Ukipenda kadi za matukio, ana mechi mbili alizomaliza bila mpinzani kupata hata pigo moja salama: Denver, Septemba 1996, na Baltimore, Aprili 2001, siku yake ya kwanza na Boston Red Sox. Ile ya Denver kilima anachosimama mrushaji kilikuwa kimelowa mvua, akahofia kuteleza, akaacha kujipinda. Kadi ya mechi hiyo inayomwonyesha kwenye Tornado huenda imechukua picha ya siku nyingine.

Usitume kadi ya bei ya soda PSA, kampuni ya Marekani inayokagua ubora wa kadi, ikapimwe daraja, maana ada yao itaizidi kadi yenyewe. Sisi wa Pwani adui yetu ni unyevu: kadi zinazong'aa za miaka ile hujikunja, na zikilaliana hugandana. Kila moja iingie kwenye mfuko wake laini, kisha kasha gumu la plastiki, zipangwe wima, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya uvitie humo humo.