Babangu Ana Miaka 76: Apasuliwe Moyo au Aachwe?

SWALI: Shikamoo Bi Muuguzi. Babangu ana miaka 76. Zamani alikwenda msikitini kwa miguu bila kusita. Sasa husimama njiani kuvuta pumzi, na usiku hulalia mito mitatu. Eko, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, imeonyesha moyo wake unasukuma damu kwa asilimia 32, na angiogramu, yaani picha ya mishipa ya moyo, imeonyesha mishipa mitatu imeziba. Daktari ametaja baipasi, upasuaji wa kuitengenezea damu njia mpya kando ya mishipa iliyoziba. Kakangu asema mzee wa umri huo hapasuliwi. Ni kweli?
Binti, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kakako ana haki ya kuogopa, ila ameshika umri peke yake.

Hiyo 32 nayo, msidhani babenu amebakiwa na theluthi ya moyo. Hakuna moyo unaotoa damu yote kwa pigo moja. Moyo wenye afya hutoa asilimia 55 hadi 70 hivi. Wake umedhoofika sana, lakini mpimie hapo, si kwenye 100.

Mwaka 2009 madaktari wa Italia walichapisha hesabu nyepesi ya kukadiria hatari ya upasuaji wa moyo uliopangwa: umri ugawanywe kwa asilimia hiyo ya eko, kisha iongezwe 1 ikiwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, imezidi miligramu 2 kwa desilita. Jumla ikiwa kubwa, hatari nayo ni kubwa. Babako, kreatinini yake isipozidi hapo, anapata karibu 2.4. Mtu wa miaka 60 mwenye asilimia 25 anapata 2.4 vilevile! Na mzee wa 76 ambaye moyo wake unasukuma asilimia 60 anapata 1.3 tu. Kwa hivyo miaka haihukumu peke yake. Barua yako haikutaja figo. Kipimo hicho kitafuteni wiki hii.

Sasa faida. Utafiti uitwao STICH uliwafuata wagonjwa 1,212 wenye asilimia 35 au chini. Baada ya miaka 10 walikuwa wamefariki 59 hivi katika kila 100 waliopangiwa baipasi pamoja na dawa, na 66 kati ya waliopangiwa dawa peke yake. Lakini mwezi wa kwanza vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa upasuaji, na faida ilielekea kupungua kadiri umri ulivyopanda. Mzee hulipa kwanza, huvuna baadaye, na lazima awe na huo muda wa kuvuna. Ndiyo maana mimi humtazama mgonjwa mwenyewe: anaoga bila kusaidiwa? Anakula? Akili iko timamu?

Mtaambiwa pia kuhusu stenti, kijineli kinachowekwa ndani ya mshipa kuuacha wazi bila kupasua kifua. Kwa moyo dhaifu kama huu, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 haukuona kwamba stenti zilipunguza vifo kuliko dawa nzuri peke yake. Maumivu ya kifua ni sababu nyingine. Hapo stenti yaweza kumpa nafuu.

Dawa za moyo asiziache, liwe liwalo litakaloamuliwa. Na mzee mwenyewe ameulizwa? Barua nzima imesema kakako na daktari. Mketi naye, mumweleze hatari bila kumficha, aseme anataka nini.

Kifua kikimbana ghafla zaidi ya dakika 15, hayo mazungumzo yaacheni, mkimbizeni hospitali papo hapo. Mshtuko wa moyo hausubiri kikao cha familia, na miaka 76 si sababu ya kumnyima matibabu ya dharura.