Swali la wiki: barabara gani ya pwani yenye vilima ungerudi kuipiga kwa baiskeli?

Mi naishi Cape Town, jibu langu ni kuizunguka rasi nzima kwa siku moja. Ni karibu njia ileile ya mashindano ya Cape Town Cycle Tour, kilomita 109, yalianza 1978.

Sasa watu wakisikia hivyo wanauliza vilima, vilima, wakati kiukweli upepo ndo wenye njia. Kiangazi cha huku unavuma kutoka kusini-mashariki, wenyeji wanauita daktari kwa sababu unafagia moshi wote wa mji, na ukichachamaa haubembelezeki: 2017 mashindano yalifutwa siku yenyewe, watu wameshafika kuanza, baiskeli zinawaponyoka mikononi. Kwa hiyo kabla hujaangalia ramani angalia utabiri wa upepo, halafu toka alfajiri.

Ondoka mjini, shika upande wa ghuba ya False Bay, mashariki mwa rasi, yaani Muizenberg, Kalk Bay, Simon's Town. Hapo upepo unakupiga usoni lakini bado una nguvu, na ukishageuka kule kusini kurudi na Atlantiki unakusukuma wenyewe. Wanaozunguka kinyume siwaelewi kabisa, maana huku tunaendesha kushoto kama nyumbani, sasa ukienda hivi nilivyosema bahari iko kushoto kwako siku nzima na hakuna gari katikati.

Pengwini wa ufukwe wa Boulders wapo, waangalie upesi upite. Baada ya Simon's Town barabara inaanza kupanda kwenda Smitswinkel, si mwinuko mkali ila mrefu, tafuta gia nyepesi mapema usisubiri mapaja yawake moto. Na huko juu usithubutu kumenya ndizi, nyani wa kule wanajua zipu za mabegi kuliko wenye mabegi.

Scarborough na Kommetjie ni za kupita tu, raha yenyewe iko Chapman's Peak. Kilomita 9, kona 114, barabara ilimalizika 1922, waliichonga pale itale inapoishia na mawe ya tabaka yanapoanza, ukisimama kwenye kona yoyote unaona mwenyewe, chini jiwe gumu la kijivu, juu tabaka jekundu linalomeguka. Ndo maana ilifungwa 2000 mawe yalipozidi kuanguka, wakaja kuifungua mwisho wa 2003 na nyavu za chuma na sehemu moja wamekata mwamba ukawa paa juu ya kichwa. Magari yanalipia, baiskeli bure. Ukishuka kuelekea Hout Bay kuna kiukuta cha mawe kifupi mno, ng'ambo yake ni maji tu, mbali chini, kwa hiyo gusa breki kabla ya kona, sio ndani ya kona.

Bandarini Hout Bay kuna samaki na chipsi. Kula nusu, nyingine fungasha, maana kilima cha Suikerbossie kinaanza ukitoka tu hapo, na hiki ndo kinachowashusha watu wakakokota baiskeli, sio kwa ukali wake ila miguu ishakwisha. Ukikimaliza ni kuteremka tu mpaka Camps Bay. Mwenye Phoenix ya gia moja nisingemshauri, labda apige Chapman's tu, kutokea Hout Bay mpaka Noordhoek upande wa pili na kurudi, bado atakuwa kapata kipande kitamu kuliko vyote.