Mapitio ya machapisho: maswali yenu

Nimesoma makala 40 nimeandika kurasa 12, msimamizi kanirudishia kasema "hii ni orodha". Nimekosea wapi?

Pole, ila yuko sahihi. Najua ulivyoandika: aya ya kwanza fulani alisema hivi, ya pili fulani naye akasema vile, mpaka mwisho. Umewapanga foleni, hujawakalisha waongee. Fungua Excel, kila makala mstari wake, kolamu ziwe swali lake, kachunguza kina nani na wangapi, mbinu, kapata nini. Ukishajaza soma kolamu moja moja kutoka juu kwenda chini, hapo ndo mambo yanajitokeza. Tuseme mada yako ni simu na usingizi wa wanafunzi, unaweza kukuta wanaosema simu inaharibu usingizi wote walitumia dodoso, afu waliopima kwa kifaa wao wanasitasita. Basi hiyo ndo aya yako, anza na hoja yenyewe, majina yaje nyuma kwenye mabano. Na pengo la utafiti, yaani kile ambacho bado hakijachunguzwa vizuri, mara nyingi linachungulia hapo hapo.

Google Scholar inaniletea matokeo malaki, nafanyaje?

Maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwenye alama za kunukuu, na visawe viunganishe na OR kwa herufi kubwa. Ukipata makala moja nzuri acha kwanza kutafuta, pitia marejeo yake urudi nyuma, halafu bonyeza pale inapoonyesha imenukuliwa na wangapi uende mbele. Na kila ukitafuta andika maneno uliyotumia na tarehe, utaulizwa.

Lazima nisome zote neno kwa neno?

Wapi! Ikisiri, hitimisho, mbinu, afu ndo uamue.

Nikiiambia ChatGPT initafutie marejeo kuna shida?

Ipo, tena kubwa. Inaweza kukupa mwandishi wa kweli, jarida la kweli, ila makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Ikupe maneno ya kutafutia sawa, lakini rejeo lolote uifungue DOI yake (ile namba ya utambulisho wa makala mtandaoni) ulione kwa macho yako. Na hata ukiliona angalia kama halijafutwa na jarida lililolichapisha, ile makala ya jarida la tiba la Lancet ya 1998 iliyohusisha chanjo ya MMR (ya surua, matumbwitumbwi na rubela) na usonji ilifutwa 2010 na kuna watu wameendelea kuinukuu kama hamna kilichotokea.

Zotero, ile programu ya kutunza marejeo, ina faida au ni kujisumbua tu?

Ni ya bure, weka leo. Mimi kabla sijaijua nilikopi nukuu moja tamu bila kuandika ukurasa, nikaja kupoteza siku 3 nzima naisaka kwenye mafaili ya PDF yanaitwa "download(7)", na mwisho nikaifuta.

Nitajuaje makala nilizosoma zimetosha?

Ukifungua makala mpya ukakuta marejeo yake karibu yote unayo tayari, na wanaobishana ni wale wale. Ikitokea hivo mara 3 mfululizo anza kuandika, kama kuna iliyokupita msimamizi wako atakuonyesha.