Barua kwa mwanangu: vipimo viko sawa, na wewe huongopi

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza: "Mama, vipimo vya homoni vimerudi viko sawa, sasa mbona kila mwezi kabla ya hedhi nageuka mtu mwingine?" Katika uuguzi wangu swali hilo nimelisikia sana, na kwa kawaida muulizaji ameshalipia vipimo hivyo hivyo.

Vimerudi sawa kwa sababu homoni zako ziko sawa. Yai likishatoka, projesteroni hupanda, kisha siku chache kabla ya damu hushuka pamoja na estrojeni. Hayo huwapata wanawake wote, ila wengine ubongo wao huyahisi zaidi, hasa yanapogusa serotonini, kemikali inayosaidia kutuliza moyo. Ndiyo maana unalilia wali ulioungua, matiti yanauma, na pete inagoma kutoka kidoleni. Shangazi yako akisema ni jini mahaba, mpe chai, itikia, yapite.

Kipimo chenyewe ni daftari. Kila usiku andika hasira ilikuwa kiasi gani, usingizi, maumivu, na siku damu ilipoanza. Jaza mizunguko miwili papo kwa papo, maana ukingoja kukumbuka mwisho wa mwezi utaandika ugomvi tu. Mimi nitaangalia kwanza siku nzuri. Ikiwa damu ikianza unatulia ndani ya siku chache, ukapata walau wiki moja ya nafuu kamili, basi ni hali hii ya kabla ya hedhi. Ikiwa huzuni haikuachi mwezi mzima, huenda ni sonona inayozidi nyakati hizo, au tezi ya thairoidi, au upungufu wa damu, na tiba yake ni nyingine.

Huku ukijaza, fanya mazoezi, lala mapema, punguza chumvi na kahawa. Kula dagaa na mifupa yao, unywe maziwa: kalsiamu ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku imewapunguzia baadhi ya wanawake dalili. Mazungumzo ya ada na kodi ya nyumba yasubiri damu ianze. Mumeo naye aache kukuuliza "umekaribia siku zako, eh?" kila ukinuna. Hilo mwambie wewe, mimi ni mkwewe, nitaona haya.

Ikishindikana, nenda kwa daktari na daftari lako. Zipo dawa za sonona zinazoongeza serotonini, ambazo kwa tatizo hili huweza kunywewa hata nusu ya pili ya mzunguko tu, na vipo vidonge fulani vya uzazi wa mpango. Usijinunulie duka la dawa kwa kusikia kwa jirani.

Ila yakikujia mawazo ya kujidhuru, usingoje daftari lijae. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na unipigie hata kama ni saa nane za usiku.

Mama yako