Sketi ya Wahmong igeuke jaketi: maswali ya wasomaji

SWALI: Nina sketi ya marinda ya Wahmong, jamii ya milimani Kusini-Mashariki mwa Asia. Imenunuliwa Soko la Warorot, Chiang Mai, Thailand. Nataka kuishonea jaketi. Nitajuaje kama ni batiki ya mkono? Na mbona inachuja rangi?

JIBU: Igeuze utazame nyuma. Wahmong huchora batiki kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, wakitumia kalamu yenye ncha ya shaba, kisha huzamisha kitambaa kwenye nili, rangi ya buluu ya mmea, mara nyingi. Rangi hupenya pande zote mbili. Chapa ya kiwandani hupauka nyuma, na mchoro hujirudia bila tofauti yoyote, ilhali mistari ya mkono hupishana unene.

Chomoa uzi mmoja ndani ya pindo, uuchome. Hempu (nyuzi za mmea wa jamii ya bangi) au pamba hutoa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Sketi ya poliesta nayo ni ya Wahmong kweli, maana wengi wao huivaa siku hizi kwa wepesi wake. Ubaya ni kuiuza kwa bei ya kazi ya mkono.

Nili hukaa juu juu ya nyuzi, ndiyo maana nili ya ziada hutoka. Siki na chumvi haziizuii, japo ushauri huo umeenea mno. Ifue peke yake kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, usuuze hadi maji yatoke safi, uanike kivulini. Fanya hivyo kabla ya kukata, kwa kuwa hempu hurudi, yaani hupungua ukubwa, ikilowa. Marinda yaliyoshikwa kwa uzi yatafumuka, nawe unahitaji kitambaa kilichonyooka.

Sketi ya Wahmong wa Buluu, mojawapo ya makundi ya Wahmong, kwa kawaida ina tabaka tatu: kitambaa kitupu kiunoni, batiki katikati, tarizi na viraka chini. Fumua mishono inayoziunganisha. Mkasi ukipita kwenye tarizi, nyuzi zake huachia moja baada ya nyingine, na hapo ndipo majaketi mengi huharibika. Ikibidi kukata, kwanza piga cherehani mistari miwili kila upande wa alama, umbali wa milimita 5. Sindano namba 100, stichi ya milimita 3. Tarizi ikae mgongoni. Kwenye kiwiko italika upesi. Bitana iwe ya rangi nzito, maana nyeupe itageuka buluu.

SWALI: Naanzisha mtindo wangu wa nguo. Naweza kupiga picha michoro hiyo nikaichapishe?

JIBU: Tunakusihi usifanye hivyo. Batiki ya mkono huchukua muda mrefu, na chapa ya bei ya chini humnyang'anya fundi soko la kazi yake mwenyewe. Agiza vipande kwa mafundi wa Kihmong, mkubaliane malipo kabla kazi haijaanza, na lebo itaje Wahmong na mahali kilipotengenezwa. Waulize pia kipande kilikuwa cha nini: mbeleko hutariziwa kumkinga mtoto, na zipo nguo zinazotengwa kwa ajili ya maziko. Wakisema kipande fulani kisiguswe, kiache.